Kuacha pombe ukiwa Dodoma: kliniki, Hatua 12, kundi la dini au soba hausi?

Mtu akishafika mahali pa kuuliza "niende kundi gani?", ameshapita pagumu: amekubali kwamba pombe imemzidi nguvu. Kinachomkwamisha sasa ni ushauri mwingi. Mmoja anamwambia aende Mirembe, hospitali ya afya ya akili, mwingine anamwambia aokoke, wa tatu anasema siku hizi mikutano iko kwenye simu, na shangazi anataka apelekwe soba hausi, nyumba wanakokaa wanaoacha ulevi, kesho asubuhi. Wote wanamtakia mema na kila mmoja ana mfano wa mtu aliyepona kwa njia hiyohiyo anayoisifia. Haya nayaandika kwa ajili ya huyo aliyekwama katikati yao, na kwa mke, mume, dada au kaka anayemsindikiza. Nimesindikiza watu wa kwetu kwenye njia hizi zote kwa nyakati tofauti, na ninalolisimamia ni hili: kundi linalokufaa ni lile utakaloweza kurudi wiki ijayo na wiki inayofuata, hata ile wiki ambayo mshahara umeingia.

Mwili kwanza

Kabla ya kulinganisha lolote, jipime. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani huku ukisubiri siku ya mkutano. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu, ukiikosa ghafla, huanza kusumbua ndani ya saa 6 hadi 24: jasho, kutetemeka, kutapika, moyo kwenda mbio, usingizi kukataa. Degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo. Kwa wachache, kati ya siku ya 2 na ya 4, mtu huchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani au watu ambao hawapo, na homa ikapanda. Hali hiyo huua isipotibiwa, na ikiwahiwa hutibika. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza kama diazepam kwa dozi inayopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo.

Nyumbani dalili hizo huonekana kama mapepo au kurogwa, watu wakaanza maombi huku saa zinakwenda. Ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Na tahadhari hii ina uzito zaidi siku za mwanzo za Kwaresima na Ramadhani, kwa sababu ndipo wengi huacha kwa mkupuo. Aliyewahi kupata degedege alipoacha, mjamzito, mzee, mwenye kisukari au mwenye ini lililoharibika aanzie kwa daktari, kisha ndipo atafute kundi.

Tunapima kwa nini?

Njia zote nimezitazama kwa mambo yaleyale: nani anaongoza, usiri ukoje, kufika kunakuwaje na kwa saa zipi, gharama, na unapokelewaje ukiteleza. Hilo la mwisho watu huona aibu kuliuliza siku ya kwanza. Mimi naliona zito kuliko mengine yote, kwa kuwa kuteleza ni jambo la kawaida katika safari hii, na mahali panapomfukuza aliyeteleza humrudisha moja kwa moja kilabuni.

Kliniki na vikao vya hospitali

Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapahapa mjini, tangu miaka ya 1920. Wanaoongoza huduma ni madaktari wa afya ya akili, wanasaikolojia, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii. Faida yake ni kwamba wanamtazama mtu mzima mzima. Wengi wanaokunywa sana wana sonona, au hawalali, au wamebeba jambo la zamani ambalo hawajawahi kulisema, na hayo hayaondoki kwa kusikiliza ushuhuda wa mwenzako. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, kama naltrexone. Muulize daktari kama inakufaa. Hapa niseme jambo linalonitia hofu: usimwekee mtu dawa ya kuachisha pombe kwenye chakula bila yeye kujua. Dawa kama disulfiram ikikutana na pombe mwilini humfanya mtu atapike, ashindwe kupumua vizuri na presha ishuke hadi kuhatarisha maisha. Ni dawa ya mtu aliyekubali na anayefuatiliwa.

Usiri una sura mbili. Faili lako linalindwa na maadili ya kazi, ila geti linaonekana. Jina Mirembe ni zito katika mji huu na nchi nzima. Watu hutaniana na kutukanana kwalo. Kama jina ndilo linalokuzuia, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, ile tunayoiita General, uombe kuonana na watu wa afya ya akili. Aliyeko Kondoa, Mpwapwa au Kongwa aanzie hospitali ya wilaya, apewe rufaa ikihitajika. Usiache matibabu kwa sababu ya kibao cha getini.

Saa ndizo udhaifu wa njia hii. Kliniki na vikao vyake huenda na saa za kazi, siku za kazi. Mwenye kibarua akikosa asubuhi moja anakosa hela ya siku. Tena kiu ya pombe haifuati ratiba ya kliniki, huja saa kumi na mbili jioni, mtu akiwa anapita mbele ya grosari. Gharama hutegemea kama una bima. Asiye nayo na asiyejiweza aende dirisha la ustawi wa jamii kuomba msamaha wa malipo, ni utaratibu uliopo na hakuna aibu. Ukiteleza, unapokelewa kama mgonjwa ambaye dawa imehitaji kubadilishwa. Tatizo ni kwamba kati ya tarehe moja ya kliniki na nyingine zinaweza kupita wiki, na katikati hapo huna mtu.

Inamfaa ambaye mwili wake umeshategemea pombe, mwenye ugonjwa mwingine juu yake, na yeyote aliyewahi kufikiria kujidhuru. Huyo wa mwisho asisubiri tarehe.

Hatua 12: mikutano ya AA, ana kwa ana na kwa simu

Alcoholics Anonymous (AA), yaani walevi wanaosaidiana kuacha kwa kufuata hatua 12 zilizoandikwa, ilianza Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935, wakati mfanyabiashara wa hisa Bill Wilson na daktari wa upasuaji Bob Smith, walevi wote wawili, walipogundua kwamba kila mmoja anabaki salama kwa kuongea na mwenzake. Mpaka leo hakuna bosi. Wanaoongoza mkutano ni wanachama wenyewe kwa zamu, na sharti la kujiunga ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hakuna fomu wala ada; kikapu kinapita, mwenye nacho anachangia, asiye nacho anakipitisha.

Mkutano wenyewe huchukua kama saa moja. Mtu anataja jina lake la kwanza, anasimulia alivyokuwa, kilichotokea na alivyo sasa. Wengine hawamkatizi wala hawamshauri. Kwetu, ambako mtu akisema shida yake anajibiwa kwa nasaha kumi, ukimya huo mwanzoni huonekana kama kutojali. Vumilia vikao vichache kabla ya kuamua. Kuna mikutano ya wazi, ambayo hata ndugu anaweza kukaa akasikiliza, na ya ndani, ambayo ni ya wenye tatizo tu. Baada ya muda unachagua mdhamini, mtu aliyetangulia, unayeweza kumpigia saa hiyohiyo miguu inapoanza kukupeleka baa. Kwangu mimi hiyo namba ya simu ndiyo mali kubwa ya njia hii.

Hatua zinamtaja Mungu, ila kwa namna kila mmoja anavyomwelewa, hivyo Mwislamu na Mkristo hukaa chumba kimoja. Asiyetaka kabisa lugha ya imani anaweza kuangalia SMART Recovery, iliyoanza 1994 na inayotumia mbinu za kisaikolojia za kudhibiti fikra na hamu. Mikutano yake ya mtandaoni mingi ni ya Kiingereza. Na kwa anayeuliza kama AA inasaidia kweli: uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, uliona kwamba AA na tiba zinazomwelekeza mtu huko zinafanya kazi angalau sawa na tiba nyingine zinazotambulika, na kwa kuacha kabisa mara nyingi zinazizidi.

Kufika ndiko kugumu. Mikutano ya ana kwa ana hapa nchini iko zaidi kwenye miji mikubwa kama Dar es Salaam, na orodha hubadilika, kwa hiyo piga simu kwanza kabla ya kusafiri. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar–Dodoma mwaka 2024, mtumishi ambaye familia yake iko Dar na anakwenda huko wikiendi anaweza kuuweka mkutano mmoja kwenye ratiba yake. Ni msaada, ila hautoshi kwa jioni za Jumanne na Jumatano. Hapo ndipo mikutano ya Zoom inapofaa: ipo kila saa, usiku na mchana, na unaipata kupitia tovuti ya AA au programu yake ya Meeting Guide. Mingi ni ya Kiingereza. Unaweza kuzima kamera, ukatumia jina lolote. Gharama ni bando na chumba chenye faragha, na chumba ndicho kinachosumbua. Aliyepanga chumba kimoja Chang'ombe au Nkuhungu, wapangaji wamepakana naye ukuta kwa ukuta, atafute spika za masikioni na asikilize zaidi ya kuongea, au aingie mkutanoni akiwa ameketi mahali pa wazi mbali na watu.

Usiri wake ni mzuri kwa desturi: kilichosemwa pale kinabaki pale. Hakuna sheria inayomfunga mtu, ni heshima, kwa hiyo siku za mwanzo usitaje kazini kwako. Ukiteleza, unarudi, unasema, unaanza kuhesabu upya. Sijaona mlango mwingine ulio wazi kiasi hicho.

Inamfaa mpweke, mtumishi aliyehamia Dodoma na kuacha familia mbali, anayejua Kiingereza cha kusikiliza, na mtu ambaye kiu yake humjia usiku.

Kundi la kanisani au msikitini

Njia hii iko karibu kuliko zote. Kila kata ina kanisa, na misikiti haiko mbali. Kuna jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya maombi vya katikati ya wiki, darasa za baada ya swala. Anaongoza mchungaji, katekista, sheikh, au mara nyingi mama mmoja wa kundi la maombi ambaye ameshawalea wengi. Saa zake ni za jioni na wikiendi, zilezile ambazo mtu hushawishika. Lugha ni Kiswahili, pengine na Kigogo. Hakuna ada. Na zaidi ya mkutano, unapewa watu wapya: badala ya marafiki wa meza ya baa unapata kwaya, usafi wa Jumamosi, misiba na harusi za kwenda pamoja. Kwa Mwislamu katazo liko wazi kwenye Suratul Maida aya ya 90, na swala tano zinaigawa siku vipande vifupi ambavyo mtu anaweza kuvimudu kimoja kimoja.

Usiri ndio unaopwaya. Mtu ameacha wiki mbili tu, tayari anaitwa mbele kutoa ushuhuda, watu wanashangilia, mwezi unaofuata ameteleza na hawezi kuurudia mlango ule kwa aibu. Niwaombe viongozi wa dini kwa moyo wote: mpeni mtu muda. Na wewe unayeanza, una haki ya kusema, "Mchungaji, nitashuhudia nikiwa tayari." Kwa Mwislamu aibu hufanya kazi kwa namna nyingine. Hafiki kabisa, kwa sababu kuomba msaada ni kukiri kwamba alikuwa anakunywa. Kumwendea sheikh mmoja unayemwamini, faraghani, ni mwanzo mzuri kuliko kundi.

Kuna jambo la kikombe cha Komunyo pia, maana Dodoma ni mji wa zabibu na divai haiko mbali na madhabahu. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba Ekaristi hupokelewa kamili hata kwa umbo moja, kwa hiyo mkate pekee unatosha. Kwa madhehebu mengine, ongea na kiongozi mapema ili Jumapili usisimame foleni ukiwa na wasiwasi.

Ukiteleza, inategemea nani yuko mbele. Wapo wanaokufuata nyumbani kwa upole, na wapo wanaokutangaza kwamba umerudi nyuma. Uliza waliokutangulia. Ukiambiwa uache dawa za hospitali kwa sababu imani inatosha, au ununue mafuta na maji ya kuombewa, ondoka.

Inamfaa ambaye imani ni sehemu ya maisha yake tayari, na ambaye kilichomvuta kwenye pombe ni kampani.

Soba hausi

Nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi tunaziita soba hausi, ni njia ya kuhama kabisa. Unakaa humo kwa miezi, na mikutano ni ya kila siku, mara nyingi kwa Hatua 12, ikiongozwa na watu waliowahi kuwa waraibu. Ratiba ni kali na simu huwekwa pembeni. Kwa mtu ambaye nyumbani kwao kunapikwa pombe, au chumba chake kimetazamana na kilabu, umbali huo ni tiba.

Gharama hulipwa kwa mwezi na familia, na ndiyo kubwa kuliko za njia nyingine. Hesabu pia kipato kinachokosekana mtu akiwa ndani. Utachanganyika na wanaoacha heroini na bangi; wengine wanaliona hilo gumu, wengine linawafungua macho. Nafasi za wanawake ni chache kuliko za wanaume, na mama mwenye mtoto mdogo hupata tabu zaidi.

Nenda mkague kabla ya kulipa. Waulize kama wamesajiliwa, daktari gani anawatembelea, siku za arosto, mwili unapodai kilevi, wanampeleka mtu wapi, ndugu wanaruhusiwa kumwona lini, na mtu akitaka kuondoka inakuwaje. Ukisikia habari za kufungwa minyororo au kuchapwa, geuza gari. Mtu mzima aliyekamatwa na kupelekwa kwa nguvu hutoka na hasira, na hasira hunywewa. Swali la kuteleza hapa lina uzito wake: wengine huteleza wiki ya kwanza baada ya kutoka, kwa sababu ndani hakukuwa na baa na mtaani zipo palepale. Kwa hiyo mkubaliane kabla hajaingia atakwenda mkutano gani akitoka.

Inamfaa aliyejaribu njia nyingine akashindwa, na ambaye mazingira yake hayampi nafasi ya kupumua.

Kijijini, ambako huoni hata kimoja

Nimeliweka mwisho ila nalifikiria sana, kwa sababu wengi wetu tuko Hombolo, Mpunguzi, Bahi na kwingine kama huko. Mkulima wa zabibu hawezi kulihama shamba. Kwa mama anayepika pombe ya mtama, pombe hiyo ndiyo imesomesha watoto, na kuonja ni sehemu ya kazi. Kumwambia "kaa mbali na pombe" ni kumwambia akae mbali na ugali.

Desturi za AA zinasema walevi wawili au watatu wakikusanyika kwa ajili ya kuacha kunywa wanaweza kujiita kundi la AA, mradi kundi hilo lisiwe tawi la kitu kingine. Wawili wanatosha. Ombeni darasa baada ya masomo, au baraza la zahanati, siku moja kwa wiki, saa ambayo kilabu kinachangamka. Wekeni masharti machache: yanayosemwa hayatoki, hamkopeshani hela hapo, na hamkutani nyumba inayouza pombe. Mjulisheni mhudumu wa afya wa kijiji, ili mmoja akianza kutetemeka mjue pa kumkimbiza. Kwa mama mpika pombe, kundi la kuacha peke yake halitoshi. Aingie pia VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, atafute mtaji wa kitu kingine, hata kama atahama biashara taratibu.

Ukiwa katika hali hii, anza hivi

Unatetemeka asubuhi: hospitali leo, kundi baadaye, njia yoyote kati ya hizi.

Wewe ni mtumishi, unaishi peke yako Ilazo au Kisasa, hutaki kazini wajue: onana na daktari mara moja upimwe, kisha mikutano ya simu jioni, na ana kwa ana kila unapokwenda Dar.

Huna simu janja wala Kiingereza, na imani iko moyoni: kundi la kanisani, au sheikh unayemwamini, huku tarehe za kliniki ukizishika. Njia hizi mbili hazigombani, na kwa watu wengi wa hapa naona zinakaa vizuri pamoja.

Umeshateleza mara nyingi na nyumbani kuna pombe: soba hausi iliyokaguliwa, pamoja na mpango wa kutoka.

Kama anayekunywa ni mume wako, mtoto wako au ndugu yako na hataki kusikia, wewe mwenyewe unaweza kupata msaada kwanza. Al-Anon, iliyoanza 1951, ni mikutano ya familia za wanywaji, nayo ipo mtandaoni. Kliniki pia hupokea ndugu wanaotaka ushauri. Usimfuate akiwa amelewa. Subiri asubuhi aliyoamka na akili zake, zungumza naye mkiwa wawili, mpe njia mbili achague mwenyewe, na mwambie siku ya kwanza utakwenda naye. Siku hiyo uwe umeshaomba ruhusa kazini na nauli ya bajaji iko mkononi.